Sharti la Sita

Pale njia ya lami inapokutana na njia ya vumbi, mbele ya karakana yenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu, kuna benchi. Nusu ya juu ya mlango haikupakwa kwa sababu rangi iliisha, na mwenye karakana alisema mlango unafunguka vilevile. Kwenye benchi hilo, kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, utamkuta Wakili, ambaye si wakili. Alibeba mafaili mahakamani miaka thelathini, akastaafu na maneno ya mahakama. Utamkuta Redio, anayetengeneza redio na kuongea kuzishinda, bisibisi imekaa nyuma ya sikio. Utamkuta Shangazi Birika kwenye kigoda chake, chini ya mwavuli wa rangi saba, anauza kahawa. Na mwishoni kabisa utanikuta mimi, Soli, fundi viatu, na sanduku langu la misumari. Nyuma yetu, hatua nne tu, mashine zinakereza vyuma. Sisi ndio kijiwe, na kama mji huu una kijiwe kingine kinachojua mambo kuliko sisi, basi hakijajitokeza.

Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa tumeanza na ugomvi wetu wa kila wiki, yaani benchi ni la nani.

— Ubao ni wangu, — alisema Wakili, akiupigapiga kwa kiganja. — Mahakama ilibadilisha samani, nikaubeba begani mimi mwenyewe. Juu ya ubao huu wamekaa watu wazito wakisubiri hukumu.

— Ubao bila miguu ni kizingiti, — alijibu Redio. — Miguu ni mabomba ya mlingoti wangu wa antena. Bila mimi mngekuwa mnakaa chini.

— Na saruji aliikoroga nani? — niliuliza. — Au iliota yenyewe?

— Endeleeni, — alisema Shangazi Birika huku akimimina. — Siku nitakayokunja mwavuli wangu mtagombania benchi juani.

Mwenye haki ya kusema zaidi hakuwepo kwenye ugomvi. Miguu ya benchi imefungwa kwenye vyuma vilivyozamishwa ndani ya saruji, kwa bolti nne zenye nati, na bolti hizo alizikata Mama Vipimo, mwenye karakana, miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye ile mashine kubwa, marehemu baba yake akiwa amesimama nyuma yake. Zilikuwa bolti zake za kwanza. Baba mtu alizigeuzageuza kwenye mwanga, akasema zinatosha kukaliwa na watu. Mzee yule alikuwa bahili wa sifa, kwa hiyo binti aliondoka pale amevimba kichwa wiki nzima.

Mashine kubwa yenyewe tunamwita Bibi. Ni mrefu kuliko chumba changu cha kulala, na upande wetu wa mji ni yeye peke yake anayeweza kupokea shafti ndefu ya pampu ya maji na kuikereza ikawa sawa toka mwanzo hadi mwisho. Akinguruma vizuri, kahawa inapita kwa raha. Na asubuhi hiyo Bibi ndiye aliyekuwa mashakani. Mwezi uliotangulia karakana moja ya mtaa wa mbali iliungua yote, kampuni ya bima ikashtuka, ikapandisha ada ya kila karakana ya vyuma. Mama Vipimo alipopata barua yake alipiga hesabu siku mbili. Bila bima, watu wa pampu za maji hawampi kazi. Akiilipa ada hiyo kama ilivyo, inabidi amuuze Bibi, na mnunuzi alikwishakuja mara mbili na utepe wa kupimia, akampima kama anayepima maiti jeneza. Lakini barua iliacha upenyo: timiza masharti sita, mkaguzi aje aone kwa macho yake, na ada itarudi chini. Mkaguzi alikuwa anakuja siku hiyo saa nne.

Saa tatu hivi Mama Vipimo akatoka mlangoni. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na mfukoni mwa vazi lake la kazi hamkosekani kipimo cha chuma. Aliwahi kununua kipande cha sabuni dukani, akakipima, akakirudisha. Jina lilimkaa siku hiyo.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mwanangu, — alisema Wakili. — Umelalaje?

— Nimelala vizuri, mzee. Nimeamka vibaya.

Akapokea kikombe, akanywa amesimama. Miaka yote hiyo sijamwona amekaa kwenye benchi. Anasema akikaa, mashine zinajua.

— Hebu tusomee tena hayo masharti, — alisema Redio. — Tuhakikishe hatujaacha kitu.

Alisema "hatujaacha" kama mbia wa karakana, na kusema kweli hakuwa mbali sana. Mama Vipimo akafungua barua.

— La kwanza, kila mashine inayozunguka iwe na kinga. Zipo. Ukifungua kinga, mashine inazima yenyewe.

— Swichi niliunga mimi, — alisema Redio.

— La pili, matambara yenye mafuta yakae kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, na yatolewe kila jioni.

— Mpini wa kifuniko niliuvalisha ngozi mimi, — nilisema. — Hauchomi mkono.

— La tatu, mitungi ya gesi itoke ndani, isimame wima kwenye kizimba chenye kufuli.

— Kufuli ni langu, — alisema Shangazi. — Na nimekuazima, sijakupa. Ukipata la kwako unirudishie.

— Nitakurudishia, shangazi. La nne, kila mashine iwe na daftari: lini imetiwa mafuta, lini imebadilishwa mkanda, na aliyefanya ni nani.

— Mistari nilipiga mimi, kwa rula, — alisema Wakili. — Daftari lile unaweza kulipeleka mbele ya jaji asubuhi hii hii.

— La tano, waya zote za umeme zikaguliwe na fundi mwenye cheti. Alikuja juzi. Alikuta waya mmoja umelegea, akaukaza.

— Huo haukuwa wangu, — alisema Redio haraka.

Hatukumwuliza ulikuwa wa nani.

— Sasa sikiliza, — Redio akaendelea, akisogea mbele. — Kwa usalama zaidi, tumtoe Bibi mota yake, tuifiche kwangu chini ya meza. Mkaguzi akifika akute chuma tu. Chuma kisicho na mota hakina hatari, ada inashuka mpaka miguuni.

— Na ikiungua, — alisema Mama Vipimo, — watanilipa mota ipi? Ile niliyowaambia sina?

Redio akakuna sikio lenye bisibisi.

— Mimi ningekatia bima mlango tu, — alisema Wakili. — Mwizi apite wapi? Mlangoni. Moto utoke wapi? Mlangoni. Kisheria mlango ndio karakana.

— Mzee, mlango wangu nusu ya juu haina hata rangi. Watanicheka. Nilichofanya ni hiki: nimewaambia hasara ndogo nitazibeba mwenyewe. Kisu cha mashine kikivunjika, au kioo, siwapigii simu. Wao wabaki na makubwa, moto na mtu kuumia. Hapo ada imepungua kidogo. Hayo masharti ndiyo yataishusha kabisa.

— Umesema vizuri, — nilisema. — Na la sita?

Mama Vipimo akaikunja barua. Akaikunja tena, na tena, na tena, akaisukumia mfukoni chini ya kipimo.

— La sita dogo. Nimelijibu kwa maandishi. Nyie kunyweni kahawa yenu.

Akarudisha kikombe kwa Shangazi, akaingia ndani. Kijiwe chetu hakijazoea kunyimwa habari, na kilichofuata ni kosa lake mwenyewe.

— Mmeona? — alisema Wakili kwa sauti ya chini. — Amekunja mara nne. Mtu anayekunja karatasi mara nne anaficha kitu. Nimeona mafaili mimi.

— Mimi nalijua, — alisema Redio. — La sita ni umri. Mashine ikishapita miaka arobaini inatakiwa istaafu, ipewe cheti, ipumzike. Bibi ana miaka hamsini na kitu. Wanataka astaafu kama Wakili.

— Mimi nilistaafu kwa heshima.

— Ndiyo, tunaiona hapa kila siku tangu saa mbili.

— Acheni kupiga chuku, — alisema Shangazi. — La sita ni paka. Yule paka wa karakana analala juu ya sanduku la swichi, mkia unaning'inia. Bima gani itakubali mkia karibu na umeme?

— Paka hajaandikwa popote, — alisema Wakili.

— Basi ndilo tatizo lake. Hana hati.

Nikaona na mimi nisiachwe nyuma.

— Mimi nadhani ni mwavuli wa Shangazi. Fundi yuko kwenye mashine, anatupa jicho nje, anakutana na rangi saba. Akili inapotea, mkono unapotea.

— Soli.

— Naam, shangazi.

— Kikombe chako cha pili unakitaka au hukitaki?

— Natoa mfano tu. Mwavuli wenyewe hauna neno.

Redio alikuwa amefumba macho, ishara kwamba kitu kikubwa kinakuja.

— Nimelipata. Ni mtikisiko. Bibi akizunguka, benchi linatikisika, ama sivyo? Nyie mnaona raha. Sasa mtikisiko huo haukomi hapa. Unapita chini ya ardhi, unafika benki kule kona ya pili, sarafu zinatikisika kwenye masanduku, wahasibu wanapoteza hesabu. Benki inapiga simu bima. Bima inaandika sharti la sita.

— Sarafu zinatikisika, — nilisema.

— Noti pia, ila zenyewe hazina sauti.

Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini. Wakili hakucheka. Alikuwa anatafuta lake la kumshinda Redio, na alipolipata alinyoosha mgongo.

— Ni vidole, — alisema. — Wanataka kuja kuhesabu vidole wenyewe. Kila kidole kiandikwe pamoja na jina la mwenyewe, cha gumba kikae kwenye faili la peke yake.

Mzaha ukaishia hapo, maana vidole si mchezo kwenye karakana ile. Kila jioni kabla ya kufunga, mafundi wote watatu, Mama Vipimo, shemeji yake na binti yake mkubwa, wanasimama mlangoni, wananyanyua mikono juu, na yeye anahesabu kwa sauti. Desturi hiyo aliianza baba yake. Mafundi wamekuja na kuondoka, lakini hakuna jioni hata moja hesabu iliyopungua kidole. Siku hizi ni thelathini. Akisema "thelathini," na sisi kwenye benchi tunaitikia "thelathini," watu wanaopita wanadhani tumeshinda bahati nasibu.

Sijaona karakana nyingine yenye desturi hiyo, na karakana nyingine nimewahi kuzifanyia kazi. Mkono wangu wa kushoto una vidole vinne. Cha tano kilibaki kwa tajiri mmoja ambaye mashine zake hazikuwa na kinga na yeye mwenyewe hakuwa na bima. Alinipa pole na nauli ya kurudi nyumbani. Ndipo nikajifunza viatu. Silalamiki, nasema ili mjue kwa nini jioni nikiitikia "thelathini" najivuna kana kwamba vile vyote ni vyangu.

— Wakija kuhesabu waje, — nilisema. — Hapa watakuta vyote.

— Hata mimi nasema waje, — alisema Wakili. — Karakana ngapi zinaweza kusema hivyo? Wamtungie masharti sitini, Mama Vipimo atayamaliza.

Na kwa mara ya kwanza tangu saa mbili, tukakubaliana wote wanne.

Mkaguzi alifika saa nne kasoro dakika chache, kwa miguu. Mimi mtu naanza kumtazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande wa nje na vimejaa vumbi la njia ya nyuma, kwa hiyo nikajua ni mtu anayekwenda mwenyewe kuona, hasubiri kusimuliwa. Alikuwa na mkoba begani na uso usiotaka kugombana.

— Habari za hapa, wazee wangu? Mama, shikamoo.

— Marahaba, baba, — alisema Shangazi. — Kunywa kahawa kwanza, jua ni kali.

Akampa kikombe na hakutaja bei. Redio alinikanyaga mguu. Huyu mwanamke ana mkono wa birika kuliko birika lenyewe. Tangu nimfahamu hajampa kiumbe kahawa ya bure, hata mume wake analipa. Mkaguzi akashukuru, akamaliza kikombe, akaingia ndani na Mama Vipimo.

Sisi tukabaki na masikio. Tulimsikia Bibi akinguruma, halafu akazima ghafla. Mkaguzi amefungua kinga. Akawashwa tena, akazima tena.

— La kwanza hilo, — alinong'ona Redio. — Swichi yangu.

Tukasikia kifuniko cha pipa. Tukasikia kufuli la Shangazi upande wa nyuma. Tukasikia kimya kirefu, na Wakili akasema hicho ni kimya cha mtu anayesoma daftari lenye mistari iliyonyooka. Baada ya hapo, sauti ya mkaguzi: "Waya ni safi." Wakili alikuwa na vidole vitano juu. Akatazama cha sita, akakiacha kimelala.

Wakatoka. Mama Vipimo alikuwa amefunga mikono kifuani, anatazama barabarani. Mkaguzi akasimama mlangoni, pembeni ya mashine ya kwanza, akatembea kuja kwetu kwa hatua za kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ya nne ikamfikisha mgongoni pa Redio.

— Samahanini, — alisema. — Benchi hili ni la nani?

Nani angeamini? Watu ambao asubuhi hiyo hiyo karibu tushikane mashati kwa ajili ya ubao, mabomba na saruji, tulikaa kama tumemwagiwa maji. Wakili alianza kukagua kucha zake. Redio alitazama miguu ya benchi kana kwamba anaiona leo. Mimi nilitafuta msumari kwenye sanduku nisiouhitaji.

— Nauliza kwa sababu hili ndilo sharti la sita, — mkaguzi akaendelea kwa upole. — Kama benchi ni la karakana, basi wanaokaa hapa tunawahesabu kama wamo ndani. Watu wanne, kutwa nzima, hatua nne kutoka kwenye mashine, hawana miwani ya kazi wala viatu vya kazi. Kipande cha chuma kikiruka, bima inalipa. Ndiyo maana tuliandika liondoke. Yale matano mengine nimeyaona, na nimekagua karakana nyingi mwaka huu. Sijaona kazi safi kama hii.

Redio akanyanyua kichwa polepole.

— Kwa hiyo bima inatuhesabu sisi ni watu wa karakana?

— Kwa sasa, ndiyo.

Redio akarekebisha bisibisi nyuma ya sikio. Alikaa vizuri zaidi, yule bwana, hata kwenye msiba ule.

— Na jibu lako nimelisoma, — mkaguzi akamwambia Mama Vipimo. — Ila nadhani wao hawalijui.

— Si lazima walijue.

— Lisome, bwana, — alisema Wakili, na sauti yake haikuwa na mahakama ndani yake. — Tafadhali.

Mkaguzi akatoa karatasi kwenye mkoba, akasoma.

— "Masharti matano nimeyatimiza. La sita sitalitimiza. Mwaka juzi matambara yalipoanza kutoa moshi, walioona ni watu wa benchi, na waliuzima moto kabla sijavua glavu. Hao ndio walinzi wangu wa mchana, na baba yangu aliwakubali. Kama ada haiwezi kushuka wao wakiwepo, nitauza mashine kubwa."

Sina haya kusema kwamba macho yalinijaa machozi. Wiki tatu tumekaa pale tukimpangia Mama Vipimo afiche mota na afukuze paka, kumbe aliyekuwa anampandishia ada ni sisi, na yeye alikuwa tayari kumtoa Bibi ili tubaki.

— Umuuze Bibi kwa ajili ya ubao? — Wakili akamuuliza.

— Si ubao, mzee. Wanaoukalia.

— Mwanangu, umekosea vipimo leo.

Mimi nikasimama. Goti langu ni bovu na kila mtu anajua sisimami mpaka jioni, kwa hiyo wote walinigeukia.

— Lete spana, — nilimwambia Mama Vipimo.

— Soli, kaa.

— Nimekaa miaka kumi na tisa. Inatosha. — Nikanyanyua mkono wa kushoto. — Sijawahi kuwaambia hiki kilivyokwenda. Mnadhani nilikuwa kazini. Sikuwa kazini, nilikuwa mapumzikoni. Nimesimama karibu na mashine ya mwenzangu, kikombe mkono huu, napiga soga. Kipande kikaruka. Huyu bwana anasema kweli, hatua nne ni karibu. Lete spana.

Shangazi ndiye wa kwanza kufuata; alikunja mwavuli wake, akavuka barabara, akaufungua upande wa pili, kando ya ukuta wa ghala lililofungwa, bila kuuliza maoni ya mtu. Mama Vipimo alituangalia mmoja mmoja. Akaingia ndani, akarudi na spana moja.

— Moja haitoshi, — alisema mkaguzi. — Miaka kumi na tisa ya mvua, hizo nati zimeshikana na chuma. Mtazikata kwa moto. Mimi nitasubiri, sina haraka.

Mama Vipimo alipiga goti, akaweka spana kwenye nati ya kwanza, akasukuma mara moja. Ikatoa mlio mdogo. Akaweka spana chini, akaimalizia kwa vidole viwili, ikazunguka mpaka ikaanguka kiganjani mwake. Ya pili vilevile. Ya tatu na ya nne alimwachia Redio azifungue, na Redio naye alitumia vidole viwili, huku anatutazama kama ni yeye aliyezikata. Uzi wa bolti, ile mikato ya kuzunguka inayoshika nati, ulikuwa unang'aa kwa grisi.

Mkaguzi aliomba bolti moja, Mama Vipimo akamchomolea. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, vile vile kama alivyofanya marehemu mzee. Akaipachika nati, akaisukuma kidogo kwa kidole, ikashuka yenyewe mpaka chini.

— Unazitia grisi?

— Kila mwaka, kabla ya mvua.

— Nani alikata uzi huu?

— Mimi. Zilikuwa za kwanza.

Mkaguzi akatoa fomu yake, akaandika akiwa amesimama. Aliandika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuandika neno "limetimizwa."

— Masharti sita kati ya sita, — alisema. — Ada inarudi chini, barua itakufikia wiki hii. Na nimeongeza mstari ambao fomu haikuuliza. Nimeandika kwamba mwenye karakana hii anatia grisi hata bolti za benchi.

Mama Vipimo aliinama kuokota spana, na akakawia kuinuka.

Tukalibeba. Wakili na Redio mbele, mimi na shemeji mtu nyuma, mabomba juu, ubao wa mahakama chini, magari yakatusubiri. Tuliliweka kando ya ukuta wa ghala, likayumba kidogo kwa kuwa halina saruji bado. Mkaguzi alivuka na sisi, maana Shangazi alikuwa amemmiminia kikombe cha pili, cha bure pia, na hapo birika likatoa tone la mwisho. Sisi wenyewe hatukuambulia kitu.

— Nimalize kumbukumbu zangu, — alisema mkaguzi, akirudisha kikombe. — Sasa hivi, hapa lilipo, hili benchi ni la nani?

— Langu, — tulijibu wote wanne kwa pamoja.

— Bolti ni zangu, — ilisikika sauti ya Mama Vipimo kutoka ng'ambo, na Bibi akawashwa.

Mchana kutwa tulimsikiliza kwa mbali. Benchi halikutikisika tena chini yetu, na Redio akasema sasa benki itapumua. Nilikata na kushona soli mpya ya kufaa kiatu cha mkaguzi, kwa kukumbuka tu kichwani, kwa hasira za kuiona ile yake imelika vile. Ilipofika jioni, mashine zilizimwa moja baada ya nyingine, na mafundi watatu wakatoka mlangoni, wakanyanyua mikono.

— Thelathini, — alisema Mama Vipimo.

— Thelathini, — tuliitikia. Ilibidi tupaze sauti.

Kwa kawaida hapo anavuta mlango. Safari hii alibaki amesimama, anatutazama kutoka ng'ambo ya barabara.

— Na nyie.

Hatukumwelewa mara moja. Kisha Shangazi Birika akanyanyua mikono yake yenye harufu ya kahawa, na Wakili, na Redio, na mimi. Alihesabu taratibu kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika kwenye mkono wangu hakuuruka wala hakuharakisha.

— Sitini na tisa, — alisema. — Wote wapo.

Akavuta mlango, ile nusu ya kijani na ile isiyopakwa, akafunga.